Mwangati, Mgunga na Ngitili: Majina ya Miti na Hatima ya Misitu ya Shinyanga na Geita

Katika kazi ya kutafuta istilahi za elimu, majina ya miti yana taabu yake ya pekee. Jina la mashine laweza kuundwa na kamati, likachapishwa, na wananchi wakalizoea. Mti hauko hivyo. Mti ulikuwapo kabla ya kamati, na wenyeji wa mahali unapoota walikwisha kuupa jina tangu zamani. Kazi yetu basi si kubuni jina bali ni kuuliza: ni jina la nani lichukuliwe, na jina hilo lina maana gani mahali ambapo mti wenyewe hauoti?

Tuseme mwalimu wa sekondari mjini Shinyanga amepata kitabu cha Kiingereza kinachoeleza habari za mti uitwao kwa Kilatini Juniperus procera. Kitabu chaeleza kwamba mti huo ni wa Afrika Mashariki, kwamba umekatwa mno, na kwamba wapaswa kuhifadhiwa. Mwalimu ataka kuwafasiria wanafunzi wake. Akiuliza huku na huku atapewa majina manne: mwerezi, mtarakwa, mwangati na mreteni. Akitoka nje ya darasa na kutazama uwanda unaouzunguka mji, hatauona mti huo hata mmoja. Atakayoiona ni migunga, mibuyu na mikwaju. Hapo lazima ajiulize kama somo lake la hifadhi lapasa kuanzia kwenye mti wa kitabuni au kwenye mti ulioko mlangoni.

Makala haya yajaribu kumjibu mwalimu huyo. Tutaanza na mti wa kitabuni, kisha tutateremka Shinyanga na Geita, kwa maana huko ndiko lilikotoka neno moja ambalo twaona lina haki ya kuingia katika Kiswahili sanifu, na ambalo lisipoelezwa sawasawa laweza kuwagharimu watu ardhi yao.

MTI MMOJA, MAJINA MANNE

Juniperus procera ni mti wa milimani. Waota tangu magharibi ya Bara Arabu, katika nchi za Saudia na Yemeni, ukapitia Uhabeshi, Kenya na Tanzania, hata Malawi na Zimbabwe. Katika jamii nzima ya miti hii, ambayo ina aina nyingi katika Ulaya, Asia na Marekani, huu peke yake ndio uliovuka Ikweta na kuota wenyewe upande wa kusini wa dunia. Hapa kwetu wapatikana katika milima ya Usambara ya Magharibi, katika miteremko mikavu ya Kilimanjaro na Meru, na katika nyanda za juu za Ngorongoro.

Wasambaa huuita mwangati. Wamaasai huuita oltarakwai, na Wakikuyu mutarakwa. Kutokana na jina hilo Waswahili wa Kenya hupata mtarakwa. Walowezi wa Kiingereza waliuita seda ya penseli, kwa sababu mbao zake laini zenye harufu nzuri zilifaa kutengenezea penseli. Jina hilo la walowezi ndilo lililoleta taabu, maana mfasiri akiliona neno seda hukimbilia neno mwerezi, ambalo wasomaji wengi wanalijua kutoka katika Biblia ya Kiswahili, penye habari za mierezi ya Lebanoni.

Mwerezi wa Lebanoni ni mti mwingine kabisa. Huo ni wa jenasi ya Cedrus, nao ni jamaa wa misonobari. Huota Lebanoni, Uturuki, milima ya Atlasi na Himalaya. Katika Afrika Mashariki hauoti wenyewe popote. Mwangati ni wa jamaa nyingine, ile ya misaipresi. Mwerezi una majani kama sindano na koni kubwa ngumu kama mbao. Mwangati uliokomaa una majani madogo kama magamba, na koni yake ni ya nyama, mviringo, rangi ya buluu iliyokolea, hata mtu aweza kuidhani tunda. Basi kuuita mwangati mwerezi ni kama kumwita pundamilia farasi kwa sababu wote wana kwato.

Kuhusu mreteni, hilo ni jina lililowekwa kwa ajili ya jamii nzima ya miti hii duniani, na kwa kazi hiyo lafaa. Lakini yafaa tukumbuke kisa kimoja. Katika tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, mti ambao nabii Eliya alikaa chini yake jangwani ulipewa jina la mreteni. Wataalamu wa mimea wamekwisha kuonyesha kwamba ule haukuwa mreteni bali ni kichaka cha jangwani cha jamii ya kunde. Wafasiri wa Kiswahili waliandika mretemu, wakilitwaa neno la Kiebrania lenyewe. Walifanya vema. Hawakuwa na mti huo kwao, wala hawakusingizia kwamba wanao. Walilichukua jina la wenyeji wa mti. Kanuni hiyo tutairudia tutakapofika Shinyanga.

KWA NINI MWANGATI HAUOTI SHINYANGA

Mwangati hupenda mahali palipo na baridi. Ustawi wake hasa ni kati ya mita 1,800 na mita 2,900 juu ya usawa wa bahari, penye mvua ya wastani na ukungu wa milimani. Miti yenyewe huwa ya kiume na ya kike, kila mmoja mbali, ingawa mara chache hupatikana mti wenye hali zote mbili. Ndege hula koni zile za nyama na kuzitawanya mbegu. Mche hauvumilii kivuli cha mama yake. Huhitaji mwanga, na ndiyo maana miangati mipya huota pembezoni mwa msitu au mahali palipopata kuungua zamani. Jambo hili lina kinyume chake: moto ulioandaa uwanja wa miche ndio huohuo unaoua mti mzima, kwa kuwa gome la mwangati ni jembamba, lenye nyuzi, nalo hushika moto upesi. Msitu wa miangati basi huhitaji moto wa nadra, wala haustahimili moto wa kila mwaka.

Mbao za mwangati haziliwi na mchwa, na nguzo yake yaweza kukaa ardhini miaka mingi. Sifa hiyo ndiyo iliyouponza. Tangu wakati wa Wajerumani huko Usambara, miangati ilikatwa kwa wingi, ikateremshwa kutoka Shume hadi Mkumbara kwa njia ya kamba ya chuma iliyotundikwa hewani, kisha ikapakiwa kwenye reli. Mti hukua polepole, na mkataji hana subira ya kuungoja.

Katika Orodha Nyekundu ya viumbe vilivyo hatarini, mwangati umewekwa katika daraja la chini la wasiwasi, kwa sababu eneo unamoota ni pana, kutoka Arabuni hadi Zimbabwe. Hata hivyo katika sehemu kadhaa za Uhabeshi, Kenya na Saudia imeonekana miti mingi ikikauka kuanzia kileleni, na miche michache ikiota. Twaona basi kwamba mti waweza kuwa salama duniani na huku wamalizika mahali fulani. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu lugha yetu ya hifadhi bado haijalipatia jina.

Shinyanga ni nchi nyingine. Sehemu kubwa yake iko kati ya mita 1,000 na 1,300. Mvua ni kama milimita 600 hadi 900 kwa mwaka, nayo hunyesha kuanzia Novemba hadi Mei, na katikati huwa na kipindi cha ukavu. Udongo wake Wasukuma wameupanga kwa majina tangu kilimani hadi bondeni: luseni ni udongo wa kichanga ulio juu, itogolo ni ule mgumu wa katikati usiopitisha maji upesi, na mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi ulio chini, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, alieleza nadharia ya mfuatano wa udongo mteremkoni, nadharia ambayo leo yafundishwa dunia nzima. Wakulima wa Usukuma walikuwa na maneno ya mfuatano huo katika mashamba yao.

Neno mbuga laonyesha jinsi istilahi inavyoweza kupotea njiani. Kwa Msukuma ni aina ya udongo na bonde lake. Kwa Mswahili wa leo ni uwanda wa wanyama wa porini. Mtaalamu akiandika kwamba mbuga isilimwe, mkulima wa Maswa na mtalii wa Serengeti wataelewa mambo mawili mbalimbali.

NCHI ILIYOFYEKWA

Wazee wanaopita leo katika uwanda mweupe wa Shinyanga huenda wakadhani kwamba haukupata kuwa na miti. Sivyo. Sehemu za magharibi, kuelekea Kahama na Geita, zilikuwa miombo, na neno hilo miombo lenyewe ni la lugha za bara, likaingia katika elimu ya mimea ya dunia bila kutafsiriwa. Sehemu za mashariki zilikuwa vichaka na migunga.

Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilianza kufyeka vichaka ili kumwangamiza mbung'o, mdudu aletaye ndorobo kwa ng'ombe na malale kwa watu. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa C. F. M. Swynnerton, aliyeiweka idara yake ya utafiti wa mbung'o Shinyanga, na wananchi waliitwa na watemi wao kwenda kufyeka kwa pamoja. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, pamoja na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt, ambaye alikuwa ameichunguza kwa bidii miti ya nchi hiyo. Mbung'o alirudi nyuma, na ng'ombe wakaongezeka. Baada ya hapo pamba ilipanuka, na miti ikakatwa kwa ajili ya mashamba, kwa kuni na mkaa, kwa kukausha tumbaku upande wa Kahama, na hata kwa kuwanyima kwelea kwelea mahali pa kulala.

Tutazame maneno yaliyotumika. Mahali palipofyekwa paliitwa pori au kichaka. Katika Kiswahili cha kawaida pori ni mahali pasipo na mwenyewe, pa wanyama wakali na wadudu. Mtu akishaambiwa kwamba mbele yake kuna pori, shoka limekwisha kupata ruhusa. Lakini ndani ya yale yaliyoitwa pori mlikuwamo jambo ambalo Wasukuma hawakuliita pori.

NENO NGITILI

Ngitili, au ngitiri kama wengine wanavyoandika, ni eneo la malisho na miti ambalo hufungwa kwa mifugo mwanzoni mwa mvua na kufunguliwa katikati ya kiangazi, yaani yapata Julai au Agosti. Majani hupata nafasi ya kukua, kukomaa na kudondosha mbegu. Kiangazi kikikaza, na malisho ya wazi yakiwa yamekwisha, ngitili hufunguliwa sehemu baada ya sehemu. Wanaotangulizwa ni ndama, ng'ombe wazee au wagonjwa, na maksai wa kulimia, maana maksai akikonda mvua za kwanza zitampata hawezi kuvuta jembe. Ziko ngitili za kaya moja, ambazo kwa kawaida ni za hekta chache, na ziko za kijiji kizima. Ulinzi wake ulikuwa juu ya dagashida, yaani baraza la wananchi wote, na baadaye sungusungu, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakasaidia kuwakamata wavunjaji.

Miti katika ngitili haikupandwa. Iliachwa. Kisiki kilichokatwa katika nchi ya migunga mara nyingi kina mizizi hai chini yake, na kikipumzishwa na meno ya mbuzi kwa miaka michache huchipua. Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya ngitili na shamba la miti la idara ya misitu.

Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 na 1975 iliwahamisha watu kutoka katika makazi yao ya kutawanyika. Mtu aliyehamishwa kilometa kadhaa hakuweza tena kuilinda ngitili yake, na nyingi zikalishwa na kufyekwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 hali ya mkoa ilitisha, hata Mwalimu Nyerere mwenyewe akaishughulikia. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi HASHI, kwa msaada wa Norwe, na baadaye kwa kushirikiana na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto.

Mwanzoni mradi ulifanya kama miradi mingine: vitalu vilijengwa, na miche, mingi ya kigeni, ikagawiwa. Miche mingi ilikufa kwa ukame na kwa kukosa mwangalizi. Kisha wataalamu wakaanza kuwasikiliza wenyeji, nao wakasikia neno ngitili. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu katika mkoa mzima. Mradi ulipofikia mwisho wake mwaka 2004, zilikadiriwa kupita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni zilipatikana karibu na nyumbani, asali na dawa zikarudi, na ndege waliokuwa wamepotea wakaonekana tena.

Hatusemi kwamba neno peke yake liliotesha miti. Twasema kwamba mradi ulipokuwa na neno upandaji miti peke yake, uliona mkoa usio na msitu; ulipolipata neno ngitili, uliona msitu uliokuwa umelala ardhini ukingoja kufungiwa.

NENO NA SHERIA

Sasa tufike mahali ambapo jambo hili si la wanafunzi wa lugha peke yao. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, iliyotungwa kwa Kiingereza, ilipoeleza maana ya ardhi ya jumla ilitia ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, haina maneno hayo. Tofauti hii yajulikana na wanasheria, nayo si ndogo. Ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji. Ardhi ya jumla iko chini ya Kamishna wa Ardhi, naye aweza kuigawa kwa wengine.

Je, ngitili iliyofungwa mwezi wa Februari inatumika au haitumiki? Mgeni akipita hataona ng'ombe, hataona jembe, hataona nyumba. Ataona majani marefu na migunga. Akiandika katika ripoti yake kwamba ni pori lisilotumika, ameandika asichokijua, lakini ameandika neno lenye nguvu ya sheria. Ukweli ni kwamba kufungwa kwa ngitili ndiko kutumika kwake. Majani yanayokua Februari ni chakula cha Septemba, kama vile mahindi yaliyomo ghalani yalivyo chakula ingawa hakuna anayeyala leo. Hatujasikia mtu akiliita ghala lililojaa jengo lisilotumika.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo sheria za ardhi na za misitu zapasa kuandikwa kwa lugha yetu, na kila mfasiri atalazimika kuchagua. Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, yatambua misitu ya hifadhi ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Ngitili ya kijiji yaweza kuingia katika fungu la misitu ya vijiji, na ngitili ya kaya katika fungu jingine, ikiwa wenyewe watajua kwamba neno lao na neno la sheria yazungumzia kitu kimoja. Wasipojua, hawatakwenda kuiandikisha.

GEITA NA MITI YA MACHIMBONI

Mwaka 2012 mikoa mipya ya Geita na Simiyu iliundwa. Wilaya za Maswa, Meatu na Bariadi zikaingia Simiyu, na Bukombe ikaingia Geita. Ngitili zilizohesabiwa zamani katika mkoa mmoja sasa zimo katika mikoa mitatu, na upande wa Geita zimekutana na dhahabu.

Geita ina historia ndefu ya uchimbaji. Mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa kisasa ulifunguliwa mwaka 2000 katika eneo lenye msitu wa hifadhi. Mwaka 2001 ukafuata mgodi wa Bulyanhulu katika Kahama. Kando ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo wengi, huko Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko. Hawa wana msamiati wao kamili, waliouunda bila kamati. Shimo la kuchimbia huitwa duara. Mashine ya kusaga mawe ni karasha. Mahali pa kuoshea ni mwalo. Miti inayopangwa ndani ya duara kuzuia kuta zisiporomoke huitwa matimba, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Neno makinikia lilikuwa la wataalamu wachache hata mwaka 2017, serikali ilipozuia mchanga wenye madini usisafirishwe nje; mwaka huo likawa midomoni mwa nchi nzima.

Matimba yana njaa kubwa ya miti. Duara likiendelea kwenda chini, matimba huongezwa, na yaliyooza hubadilishwa. Miti ya miombo hukatwa, na baada yake mikaratusi ya mashambani. Hapa mambo mawili ya thamani yasimama pamoja, nayo ni msitu na uhai wa mchimbaji. Mchimbaji akitumia miti laini inayoliwa na mchwa ili kuokoa fedha, duara laweza kumfukia. Akitumia miti migumu ya asili, kama mninga, msitu wapungua. Jawabu ni kupanda miti ya matimba kwa makusudi, na mwongozo wowote wa jambo hilo hauna budi kutumia neno matimba. Ukiandikwa kwa maneno ya ofisini kama mihimili tegemezi ya kuta, wachimbaji hawatajua kwamba ni wao wanaoambiwa.

MANENO YA HADHI

Tumekwisha kusema kwamba mwangati uko salama duniani na hali wamalizika mahali pengine. Jambo hilohilo laonekana katika miti ya Geita na Shinyanga. Mpingo na jamii yake nzima ya Dalbergia iliwekwa mwaka 2016 katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, jamii ya mninga ya Afrika ikafuata. Orodha hizo huangalia biashara ya dunia au idadi ya dunia. Mgunga haumo, wala hautazamiwi kuwamo, kwa kuwa migunga ni mingi. Lakini katika vijiji vingi vya Shinyanga mgunga ulikwisha kabisa kabla ya mwaka 1986, na mama aliyetembea mchana kutwa akitafuta kuni hakufarijika kwa kuwa migunga ilikuwa mingi kwingineko.

Kiswahili chahitaji basi maneno mawili. Kutoweka kubaki kwa kiumbe kilichokwisha duniani, kama ndege dodo. Kwa kiumbe kilichokwisha mahali fulani, wazee wetu husema kimekwisha, na neno hilo la kawaida latosha: mgunga umekwisha hapa, haujatoweka. Kilichotoweka hakirudi. Kilichokwisha chaweza kurudishwa, na tofauti hiyo ndiyo iliyoziwezesha ngitili kurudi.

Hatuna budi pia kusema neno juu ya mgunga na Kilatini. Kwa miaka mingi vitabu vyetu viliandika Acacia. Baada ya uamuzi wa mkutano wa wataalamu wa mimea huko Vienna mwaka 2005, uliothibitishwa Melbourne mwaka 2011, jina Acacia likabaki kwa miti ya Australia, na migunga ya Afrika ikagawiwa majina ya Vachellia na Senegalia. Wako wanaodhani kwamba jina la Kilatini ni imara na la wenyeji ni la kubahatisha. Katika jambo hili mgunga umebaki mgunga, na Kilatini ndicho kilichohama.

MAPENDEKEZO

Kutokana na hayo twaleta mapendekezo yafuatayo, ili wasomaji wayapime.

Kwanza, Juniperus procera uitwe mwangati, wingi miangati, na mtarakwa likubaliwe kuwa kisawe, hasa kwa ajili ya ndugu zetu wa Kenya. Mreteni libaki jina la jamii nzima ya Juniperus. Mwerezi libaki kwa Cedrus peke yake.

Pili, ngitili lipokewe katika Kiswahili sanifu kwa tahajia hiyo, katika ngeli ya I na ZI: ngitili imefungwa, ngitili zimefunguliwa. Maana yake iandikwe hivi: eneo la malisho na miti ya asili, la kaya au la kijiji, linalotumika kwa kufungiwa mifugo wakati wa mvua ili majani na miti ikue, na kufunguliwa kwa utaratibu wakati wa kiangazi. Tumetia neno linalotumika kwa makusudi, nasi twaomba lisiondolewe.

Tatu, neno pori lisitumike katika hati za ardhi na misitu bila kuelezwa. Mwandishi aseme kama ni msitu, kichaka, malisho ya wazi au ngitili.

Nne, kisiki hai, neno ambalo limekwisha kuenea Dodoma, litumike kwa kisiki kinachoachwa na kutunzwa ili kichipue. Kazi yenyewe iitwe utunzaji wa visiki hai, kuitofautisha na upandaji miti.

Tano, matimba, duara na mwalo yaingizwe katika istilahi za madini pamoja na maelezo, na miongozo ya usalama wa wachimbaji iyatumie.

Sita, kutoweka na kwisha yatenganishwe kama tulivyoeleza.

Tukimrudia mwalimu wetu wa Shinyanga, sasa aweza kuwaambia wanafunzi kwamba mwangati ni mti wa milima ya Usambara na Meru, nao hauoti kwao. Kisha awatoe nje hadi kwenye ngitili iliyo karibu, awaonyeshe kisiki cha mgunga kinachochipua, na awaulize majina ambayo bibi na babu zao huyatumia kwa miti iliyomo. Hapana shaka watapata majina ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Yaandikwe, pamoja na mahali yalipotoka na mti unaohusika, nasi twawaomba wasomaji wa mikoa yote mitatu watuletee.